Wagonjwa wa Daktari Lacerenza

Watu wa Acquaspina hawaambiliki. Nasema hivyo bila chuki, maana nimewauzia dawa tangu baba yangu aniachie duka hili, hapa pembeni mwa Milano, kwenye mtaa ambao nusu ya majina ya kengele za milango ni ya huko kwao. Walipanda treni wakiwa vijana kuja kufanya kazi viwandani, wakazaa, wakastaafu, wakazeeka. Hata hivyo ukimuuliza yeyote kati yao anakaa wapi, atakwambia anakaa Acquaspina, kusini, mlimani, mwendo wa usiku kucha kutoka hapo aliposimama.

Kwa ukaidi huo hakuna aliyemfikia Mama Incoronata. Alikuja kwa mwanawe Savino alipofiwa na mume. Alikuja kwa muda tu, alisema, na ule muda ukala miaka. Nguo zake za kiangazi zilikuwa bado kabatini kule kwao. Daktari wake alikuwa bado Lacerenza wa kule kule. Dawa zake zilikuja na basi la Jumamosi ndani ya katoni, pamoja na soseji na pilipili kavu, zimefungwa na dada yake mkubwa, Vitina, ambaye alikuwa amebaki kijijini. Mimi nilimuuzia dawa ya meno na sabuni, basi. Nilikuwa nazisikia harufu za zile soseji kwenye koti lake.

Halafu Vitina akaanguka akavunjika nyonga, na hapakuwa tena na mtu wa kufunga katoni. Ndipo Mama Incoronata akaja dukani na cheti cha Daktari Lacerenza. Si karatasi. Siku hizi daktari anakuandikia dawa kwenye mtambo, anakusomea nambari kwa simu, na nambari hiyo inafunguka kwenye duka lolote la nchi. Yeye aliiandika nyuma ya kalenda ya zamani. Nikaiingiza, nikapitisha kadi yake, zikatokea dawa tatu: ya presha, ya moyo, na ya kuzuia damu isigande. Nikazitoa, nikaziweka kaunta.

"Euro sita, mama."

"Za nini?"

"Za kuchangia. Mbili kwa kila boksi."

"Mimi nina msamaha wa kuchangia, binti."

"Msamaha unao kule kwenu. Msamaha ni wa mkoa. Ukivuka mpaka, wenyewe unabaki nyuma."

"Kwani huku si Italia?"

"Ni Italia."

"Basi," akasema, akavuta begi lake kama mtu aliyemaliza mazungumzo.

Nikamweleza taratibu. Cheti kinavuka mpaka, msamaha hauvuki. Akaniuliza nani kapanga upuuzi huo, nikamwambia si mimi. Nikamweleza pia njia iliyo rahisi kuliko zote: aende kituo cha afya, ofisi ya kubadilisha madaktari, achague daktari wa hapa mtaani. Kwa umri wake na pensheni yake angepewa msamaha wa huku siku hiyo hiyo, na asingetoa hata senti.

Alinitazama kama nimemtemea mate.

"Nikichagua wa huku, kule jina langu linafutwa?"

"Linafutwa. Huwezi kuwa na madaktari wawili."

"Basi sikiliza," akasema, akaegemea kaunta, na watu wawili waliokuwa nyuma yake wakasubiri, kwa sababu ukimkatiza Mama Incoronata anaanza upya. Akaniambia kwamba zahanati ya Acquaspina ni chumba kimoja chini ya kanisa, na Lacerenza hupanda kule Jumanne na Ijumaa. Wakubwa wake wamekwisha kumwambia kwamba atapanda maadamu ana majina ya kutosha ya Acquaspina kwenye orodha yake. Yakipungua, chumba kinafungwa, na anayeumwa atashuka mjini mwenyewe, njia yenye kona mpaka utapike, basi moja tu alfajiri. Sasa waliobaki kijijini ni wazee wachache, hawatoshi. Majina mengine yote yako hapa, Milano. "Sisi ndio tunaoishikilia ile zahanati," akasema. "Mimi nikitoka, na Addolorata atatoka, na mwingine na mwingine. Dada yangu na nyonga yake atashuka na basi gani?"

Kisheria mtu awe na daktari pale anapoishi. Nalijua hilo, lakini mimi si mkaguzi. Nikamwambia, mama, nimekuelewa, lakini kwa leo ni euro sita.

"Nikilipa huku nimekubali kwamba mimi ni wa huku," akasema. Akayasukuma yale maboksi kwa kidole kimoja mpaka upande wangu, akatoka.

Sikumwona tena wiki ile wala iliyofuata. Nikampigia Savino. Savino anatengeneza lifti, ni mtu mpole, kila mara ana mikono ya grisi na uso wa mtu anayeomba radhi. Alikuja jioni akaniambia amegundua mama yake anakata vidonge kwa kisu cha jikoni, nusu leo, nusu kesho, vile vya katoni ya mwisho.

"Hata cha damu?"

"Hata hicho."

"Savino, atapooza. Mpe hela alipie."

"Unadhani sijampa? Kaniambia nikanunulie watoto viatu." Akakaa kwenye kiti cha kupimia presha. "Daktari," akasema, maana huku mfamasia naye huitwa hivyo, "nikuombe kitu. Mwambie ni bure. Mwambie mikoa imekubaliana. Mimi nitapita kila mwezi nilipe, yeye asijue."

"Mama yako si mtoto."

"Ndiyo maana nakuomba wewe. Mimi haniamini hata nikimwambia ni Jumatano."

Nilikubali. Mtu mwenye moyo kama ule hakati vidonge kwa kisu, na euro sita si kitu cha mtu kufia. Nilimpigia simu Mama Incoronata, nikamwambia kuna taarifa mpya imetoka, mikoa imekubaliana, msamaha wake sasa unatambulika. Alikuja kabla sijapumua. Hakushangaa hata kidogo. "Niliwaambia," akasema. "Ukiwabana wanalegea." Akaweka dawa begini, akaniletea na kipande cha jibini kwa usumbufu.

Ikawa hivyo majira yote ya baridi. Yeye asubuhi na nambari yake, Savino jioni na noti yake. Mashavu yakamrudi. Akawa anakaa kidogo dukani, ananieleza habari za Vitina: kaanza kusimama, Lacerenza kamtembelea mpaka kitandani, kamfokea kwa sababu hafanyi mazoezi. Aliyafurahia hayo ya kufokewa kuliko yote. "Huyo ndiye daktari," aliniambia. "Wa huku watamfokea nani, hata jina hawalijui?"

Ambalo mimi na Savino hatukulifikiria ni Mtakatifu Biagio. Kila mwezi wa pili watu wa Acquaspina wanamtoa mtakatifu wao, si yule halisi, ni sanamu waliyochongesha ifanane na ya kwao, wanaibeba kuzunguka maegesho ya magari ya dukakuu, tarumbeta mbele, na mapadri wetu wanajikausha. Baadaye wanakula pamoja ukumbini. Hapo ndipo Mama Incoronata aliposimama, na glasi mkononi, akawatangazia ndugu zake wote kwamba dawa za Lacerenza sasa ni bure kwa Ornella mwenye duka la kona. Mimi ndiye Ornella.

Jumatatu nilipoinua mlango wa chuma wa duka, walikuwa nje. Foleni ilifika kituo cha basi. Wazee kwa mikongojo, wengine na makoti yao ya sherehe bado, kila mmoja na nambari yake kwenye kipande cha karatasi. Mbele yao alisimama Mama Incoronata, amevaa hereni, anawapanga.

"Mmoja mmoja," aliwaambia. "Daktari ana mikono miwili tu."

Wa kwanza alikuwa Addolorata, mjane, jirani yake Mama Incoronata tangu utotoni na mshindani wake kwa kila kitu, kuanzia supu mpaka wajukuu. Nikaingiza nambari yake. Mtambo ukadai euro nne. Nikajifanya mtambo umekwama. Nikapapasa vitufe. Nikaenda stoo, nikarudi.

"Kuna nini?" akauliza Addolorata.

"Ni euro nne, mama."

"Incoronata kasema bure."

"Bure!" wakaitikia wa nyuma.

"Labda yeye yuko kwenye kundi jingine," nikasema, na hata masikioni mwangu lilikuwa jibu la kijinga.

"Kundi gani? Pensheni yetu sawa, tulifunga nyanya za kopo kiwanda kimoja. Yeye ana nini cha zaidi, au kwa sababu anakuletea jibini?"

Kelele zikaanza. Mmoja akasema nakula hela za wazee. Mwingine akasema ndivyo watu wa kaskazini walivyo, na mkewe akamwambia anyamaze, mjukuu wao kaoa wa kaskazini. Mama Incoronata akagonga kaunta. "Muonyeshe yangu," akaniambia kwa utulivu kabisa. "Piga ya kwangu waone."

Sikuipiga. Addolorata akanitazama, kisha akamtazama mwenzake, na yule mwanamke ana akili kali, Mungu amsamehe. "Kama mtambo unadai wote," akasema polepole, "basi ya kwako kuna mtu anailipa."

Mama Incoronata akanigeukia.

"Savino?"

Nilifungua droo ya bandeji nikaanza kuzipanga. Alielewa. Niliona shingo yake inapanda wekundu mpaka kwenye zile hereni, na nilimwonea huruma mpaka nikatamani anitukane. Hakunitukana. Aliwageukia wenzake akasema, "Nimewadanganya. Nisameheni. Nilitaka kujionyesha." Akaubeba uongo wetu wote, wangu na wa mwanawe, akauweka mabegani pake mbele ya watu aliowapanga foleni mwenyewe. Kisha akatoa pochi, akalipia dawa za mwezi ule.

Wengine hawakuondoka. Walikuwa wamekasirika, wamesimama baridini bure, na nilitaka kuwapoza. Kwa hiyo nikawaambia niliyopaswa kusema kama mfamasia. Nikawaambia asiyetaka kulipa ana haki ya kuchagua daktari wa huku, na msamaha atapata. Ni kituo cha afya, nikasema, ni kusaini tu. Nilisema kwa sauti ili wote wasikie. Mama Incoronata alikuwa mlangoni. Alisimama kidogo, akaniangalia, akaenda.

Mwezi haukuisha. Mmoja alikuja na cheti kipya, cha kuchapwa, juu yake jina la daktari wa mtaani, yule kijana mwenye pikipiki. Alikuwa Addolorata. Aliingia saa ya chakula, duka tupu, akanisogezea karatasi huku anatazama barabarani.

"Usimwambie Incoronata."

"Mimi simwambii mtu habari za mtu, mama."

"Mimi mmoja nikitoka haidhuru. Wako wengi."

Ndivyo walivyosema wote. Walikuja saa za chakula, au dakika ya mwisho kabla sijafunga, mmoja mmoja kama Mama Incoronata alivyowataka wapange foleni, na kila mmoja alidhani katoka peke yake. Sikuwalaumu. Mtu mwenye pensheni ile na vidonge vingi, hizo euro mbili mbili ni nyama ya Jumapili. Ila niliumia, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nawaona wote, na yeye ndiye aliyekuwa haoni hata mmoja.

Yeye aliendelea na Lacerenza na kulipa kwake. Kila mwezi aliniambia habari ile ile. "Nimewapigia simu wote. Wote wameniapia kwa Mtakatifu Biagio kwamba hawatoki. Hata Addolorata, na ulimi wake ule."

"Vizuri, mama," nikamjibu, na nikajichukia.

Zahanati ilifungwa mwanzoni mwa kiangazi. Mama Incoronata alikuja kunipa habari, amekaa kwenye kiti cha presha, hana nambari mkononi, hataki kitu. Wamehesabu majina, alisema. Hayakutosha, na si kwa kidogo. Lacerenza kapelekwa mjini, na kwenye mlango wa kile chumba wamebandika karatasi.

"Na dada Vitina?"

"Kasema hatashuka. Kasema atamsubiri daktari arudi."

Kisha akaniuliza ni akina nani waliotoka.

"Siruhusiwi kusema."

"Addolorata?"

Sikujibu. Akataja jina lingine. Sikujibu. Aliwataja wote, jina kwa jina, na jina la baba, na kazi aliyokuwa akifanya, na kwa kila mmoja nilinyamaza vile vile. Nilinyamaza hata kwa yule mmoja tu ambaye hakutoka, mzee Teodosio wa mashine za kushona, kwa maana ningemtaja yeye peke yake ningekuwa nimewataja wengine. Na kwa hiyo yeye naye aliingizwa kwenye kundi, na bado sijui kama yeye na Mama Incoronata wamesalimiana tangu siku ile.

"Asante," akaniambia mwishoni. Nilitaka kumwambia kwamba nimekosea kupaza sauti siku ile. Nilichomwambia ni kwamba anywe maji mengi, joto lilikuwa kali.

Vitina hakushuka mjini. Alimaliza dawa zake, akakaa bila, na miguu ikavimba mpaka padri akampigia Savino. Savino akaendesha usiku kucha kwenda, na usiku wa pili kurudi, na Vitina kalazwa siti ya nyuma. Mwanamke ambaye hakuwahi kulala nje ya Acquaspina isipokuwa mara moja, kwa ajili ya hija.

Walimleta dukani mwezi wa tisa, kwenye kiti cha magurudumu, kupimwa presha. Habari ilikuwa imetangulia. Sijui nani anawaambia watu hawa. Ndani ya dakika kumi duka langu lilijaa Acquaspina nzima. Walimbusu, walimshika mashavu, walilia. Addolorata alimletea mtandio. Vitina, mdogo kama kifaranga kwenye kile kiti, aligeuza kichwa huku na huku akiwatambua mmoja mmoja, wengine alikuwa hajawaona tangu wapande treni.

"Mko huku wote," alisema. Alifurahi, kisha akafikiri. "Sasa kule kabaki nani?"

"Achana na hayo, Vitina," akasema mmoja. "Sasa uko nasi."

"Lakini nani anafungua dirisha la nyumba?"

Nilikuwa namvua mkanda wa kipimo. Presha ilikuwa mbaya, nikamwambia Mama Incoronata kwamba dada yake anahitaji daktari leo, si kesho, na wa karibu, wa kumwona kwa macho. Mama Incoronata aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amesimama nyuma ya kile kiti, mikono kwenye mishikio, na toka aingie hakuwa amesema neno na mtu yeyote.

"Tujiandikishe sote wawili, mimi na yeye," akasema. "Hiyo ofisi ya kubadilisha daktari iko wapi?"

Aliniuliza mimi. Lakini Addolorata alikuwa karibu, anamfunga Vitina mtandio, na ana moyo wa kusaidia akisahau kuwa mkali.

"Ghorofa ya pili, mlango wa kushoto," akasema. "Nenda Jumatatu, hakuna foleni."

Mkono wake ukabaki kwenye fundo la mtandio. Wale wengine walitazama sakafu, wote, kila mmoja kwa ajili yake mwenyewe.

"Najua kwamba unapajua," Mama Incoronata akamwambia. "Utanipeleka."

Jumatatu niliwaona kupitia kioo, wanawake wawili wamekamata kiti cha wa tatu, wanasubiri taa ya barabarani iwaruhusu kuvuka.